Ave Verum Corpus ya William Byrd: Mwendo, Ufunguo na Hisia ya Wimbo wa Ekaristi

Inapokaribia Sherehe ya Mwili na Damu Takatifu ya Kristo, walimu wa kwaya huanza kutafuta wimbo unaofaa kuimbwa wakati wa Komunyo au mbele ya Sakramenti Kuu. Miongoni mwa nyimbo za Kilatini zilizotungwa kwa heshima ya fumbo hili, Ave verum corpus ya Mwingereza William Byrd imeshika nafasi ya pekee. Ni wimbo mfupi wa sauti nne, unaoimbwa bila kinanda, na kwa kawaida huchukua takriban dakika nne. Hata hivyo, kwaya inayoufungua kwa mara ya kwanza hukutana na maswali ambayo mtunzi hakuyajibu kwa alama yoyote: uimbwe kwa mwendo gani, uanzwe katika ufunguo gani, na waimbaji wawe na hisia gani mioyoni mwao? Tunakusudia kuyapatia majibu maswali hayo, na tunasema mapema kwamba majibu yatapatikana zaidi katika maneno ya sala yenyewe na katika mazingira ulimozaliwa wimbo huu kuliko katika kanuni za muziki peke yake.

Shairi ni kongwe kuliko muziki huu. Lilijulikana tangu karne ya 14, na mapokeo hulihusisha na jina la Papa Inosenti VI, aliyefariki mwaka 1362. Waamini walilisali wakati padre alipoinua Hostia baada ya mageuzo. Linausalimu Mwili uliozaliwa na Bikira Maria, na kukiri kuwa ni mwili uleule ulioteswa na kutolewa sadaka msalabani kwa ajili ya wanadamu, ambao ubavu wake ulichomwa hata damu ikatoka. Kisha linaomba kwamba Mwili huo uwe kwetu chakula tunachokionja kabla ya wakati, tutakapofikia jaribu la kifo. Hapa msomaji atatambua mafundisho ya Kanisa juu ya masurufu ya njiani, yaani Komunyo Takatifu anayopewa mwamini aliye katika hatari ya kufa. Mwishoni sala inabadilika na kuwa kilio: Yesu anaitwa mtamu, mwema, Mwana wa Maria, na anaombwa rehema.

Neno linalobeba uzito wote ni la pili, verum, lenye maana ya "wa kweli". Katika Uingereza ya Byrd neno hilo lilikuwa na gharama.

Wimbo uliotungwa kwa ajili ya Misa iliyokatazwa

Byrd alizaliwa yapata mwaka 1540. Mwaka 1563 akawa mpiga kinanda wa kanisa kuu la Lincoln, na mwaka 1572 akaingia rasmi katika kundi la wanamuziki wa kanisa la kifalme mjini London, akimtumikia Malkia Elizabeti wa Kwanza. Tangu mwaka 1559 sheria ilikuwa imeufanya utaratibu wa ibada wa Kianglikana kuwa ndio pekee ulioruhusiwa nchini. Sheria ya mwaka 1581 iliweka faini ya pauni 20 kwa kila mwezi kwa yeyote aliyekataa kuhudhuria ibada hizo, fedha ambazo zingeweza kumfilisi hata mtu mwenye mashamba. Mwaka huohuo, tarehe 1 Desemba, padre Mjesuiti Edmund Campion aliuawa mjini London. Leo tunamheshimu kama Mtakatifu. Sheria ya mwaka 1585 ilienda mbali zaidi, ikamhesabu kuwa mhaini padre yeyote Mwingereza aliyepewa daraja ng'ambo kisha akaonekana nchini.

Byrd alibaki Mkatoliki. Alishtakiwa mara kadhaa pamoja na watu wa nyumba yake kwa kutokwenda katika ibada za serikali, lakini kipaji chake na heshima aliyokuwa nayo kwa Malkia vilimpa kinga ambayo wengi hawakuipata. Katika miaka ya 1590 alihamia kijiji cha Stondon Massey, katika jimbo la Essex, karibu na makazi ya familia ya Petre, Wakatoliki waliokuwa na mali na ujasiri wa kutosha wa kuwapokea mapadre nyumbani mwao. Huko ndiko alikokamilisha kazi kubwa ya uzee wake, Gradualia, mkusanyo wa nyimbo za Misa na za sala kwa ajili ya sikukuu za mwaka mzima wa liturujia. Kitabu cha kwanza kilichapishwa mwaka 1605 na cha pili mwaka 1607. Ave verum corpus imo katika kitabu cha kwanza, pamoja na nyimbo za sherehe ya Ekaristi.

Mwaka 1605 haukuwa mwaka mwema kwa kitabu cha namna hiyo. Mwezi Novemba iligunduliwa njama ya baadhi ya Wakatoliki ya kulipua Bunge kwa baruti, na hasira ya serikali ikawaangukia waamini wote. Mfaransa mmoja alikamatwa mjini London na kutiwa gerezani kwa sababu alikutwa na vitabu hivi vya Byrd. Tunalitaja jambo hili kwa sababu linahusu moja kwa moja namna ya kuuimba wimbo: waliouimba kwanza hawakuwa kwaya ya kanisa kuu yenye watu hamsini. Walikuwa watu wachache katika chumba cha nyumba, pengine mwimbaji mmoja au wawili kwa kila sauti, wakiwa na padre ambaye kuwapo kwake tu kulikuwa kosa la kifo. Kuimba kwamba Mwili huu ni wa kweli, katika nchi ambamo fundisho hilo lilikuwa limekataliwa kwa sheria, kulikuwa ni kuungama imani.

Mwendo

Gradualia haikuchapishwa kama vitabu vya muziki tulivyozoea, ambamo sauti zote nne zinaonekana katika ukurasa mmoja. Kila sauti ilikuwa na kijitabu chake. Mwimbaji wa besi aliona besi tu, naye ilimbidi kuwasikiliza wenzake ili kujua walipofika. Hapakuwa na mistari ya kugawa vipimo, wala neno lolote la kuagiza kasi au taratibu. Kwa hiyo kila agizo la mwendo tunaloliona katika matoleo ya leo, kama vile idadi ya mapigo kwa dakika au neno la Kiitaliano juu ya mstari wa kwanza, limewekwa na mhariri. Chombo chenyewe cha kupimia mapigo, metronomu, kilipewa hataza mwaka 1815, karibu karne mbili baada ya Byrd kufariki. Agizo la mhariri linastahili kusikilizwa, lakini halimfungi mwalimu wa kwaya.

Waimbaji wa zama hizo walipimaje, basi? Walikuwa na pigo moja la msingi, lililoonyeshwa kwa mkono kushuka na kupanda, nalo liliitwa kwa Kilatini tactus. Mwanazuoni wa muziki Franchino Gaffurio, katika kitabu alichokichapisha Milano mwaka 1496, alililinganisha na mpigo wa mshipa wa mtu anayepumua kwa utulivu. Kipimo hicho ni cha mwili wa binadamu, na kila mwanakwaya anacho katika kifundo cha mkono wake. Hakimaanishi kwamba nyimbo zote zilikwenda sawa kabisa, maana ukubwa wa jengo, idadi ya waimbaji na uzito wa maneno vilibadilisha mambo kidogo. Lakini kinatuwekea mpaka. Wimbo wa namna hii hauwi kama maandamano ya mazishi, na hauwi kama ngoma.

Kosa tunalolisikia mara nyingi zaidi ni la kuburuza. Kwa kuwa wimbo ni wa Kilatini, wa kale na wa ufunguo mdogo, wengi hudhani kuwa utakatifu wake unaongezeka kadiri unavyocheleweshwa. Matokeo yake ni mabaya kwa namna tatu. Pumzi huisha kabla ya sentensi kuisha, hivyo neno hukatwa katikati na maana hupotea. Mikazo ya Kilatini hufifia, na kila silabi huwa na uzito uleule kama hatua za mtu aliyechoka. Tena sauti hushuka: kwaya isiyo na kinanda ikiimba taratibu kupita kiasi, huweza kuanza katika G na kumaliza chini yake bila mtu kutambua, hadi mpiga kinanda atakapoanza wimbo unaofuata.

Njia ya kuupata mwendo unaofaa ni rahisi, na tunaipendekeza kwa kila mwalimu. Wanakwaya wote wasome maneno kwa sauti, pamoja, bila kuimba, kama wanavyosali Baba Yetu katika kanisa lenye mwangwi. Wasome wakijua maana ya kila neno. Kisha mwalimu aanze kupiga mkono juu ya usomaji huo, na wimbo uingie juu ya pigo hilohilo, ukiwa mpana kidogo kuliko usemi. Ikiwa sentensi ya kwanza yote haiwezi kuimbwa kwa starehe, kila mwimbaji akivuta pumzi mahali panapofaa kimaana, mwendo ni wa taratibu mno. Ikiwa maneno ya kuombea rehema, ambayo Byrd ameyapitisha kutoka sauti moja hadi nyingine, yanasikika kama yanakimbizana, mwendo ni wa haraka mno. Pigo la mwanzo na pigo la sehemu hiyo ya mwisho liwe moja. Mtunzi mwenyewe ameshapanga mahali pa kutulia na mahali pa kusogea, kwa kutumia noti ndefu na noti fupi.

Wapo watakaokumbuka wimbo wa Mozart wenye jina hilohilo, ambao unajulikana zaidi katika parokia nyingi. Mozart aliuandika Juni 1791 mjini Baden, karibu na Vienna, miezi michache kabla ya kifo chake. Yeye aliandika waziwazi mwendo, Adagio, yaani taratibu, akachagua ufunguo wa D mkubwa, na akaweka vinanda vya nyuzi na ogani. Tena aliishia kwenye maombi ya saa ya kufa, bila ule mwito wa mwisho kwa Mwana wa Maria. Nyimbo hizi mbili zina maneno karibu yaleyale, lakini mwendo wa moja usihamishiwe kwa nyingine. Tumesikia kwaya nzuri zikimwimba Byrd kana kwamba ni Mozart aliyepungukiwa ala, na wimbo ukapoteza mifupa yake.

Ufunguo

Matoleo mengi ya leo huuonyesha wimbo huu kuwa katika G ndogo, na kwa matumizi ya kila siku hilo latosha. Lakini watunzi wa karne ya 16 walikuwa bado wamelelewa katika modi za Kanisa, zilezile za nyimbo za Kigregori, ambazo hutofautiana kwa mpangilio wa hatua nzima na nusu hatua kuzunguka noti ya nyumbani. Wimbo wa Byrd unaweza kuwekwa karibu na modi ya Dori iliyohamishiwa G, ingawa katika kizazi chake modi na funguo za sasa zilikwisha kuanza kuingiliana. Jambo la maana kwa kwaya ni hili: G iliyoandikwa na Byrd haikuwa sauti moja iliyokubaliwa duniani kote. Hapakuwa na kipimo kimoja cha urefu wa sauti, kila kanisa na kila ogani ilikuwa na chake, na waimbaji wasio na ala walianza pale palipowafaa. Mwalimu anayeushusha wimbo kwa hatua moja ili soprano wasipige kelele, au anayeupandisha kwa nusu hatua ili besi wasikike, hamkosei heshima mtunzi.

Kwaya zetu nyingi husoma sol-fa, na kwa wimbo huu mfumo huo unasaidia sana. Doh ikiwekwa kuwa B iliyoshushwa, basi nyumbani ni la: wimbo unaanza na la na kuishia na la. Hapo mwanzoni ndipo Byrd ameficha jambo kubwa kuliko yote. Sauti zote nne zinaingia pamoja kwa neno la salamu. Katika silabi ya pili, sauti ya kwanza inashuka hadi se, yaani soh iliyopandishwa nusu hatua, na sikio linatarajia irudi nyumbani. Badala yake, sauti zinapofika kwenye neno verum, besi inaimba soh ya kawaida, ile isiyopandishwa. Noti mbili zinazopingana, se juu na soh chini, zinafuatana papo hapo. Mwanga wa wimbo unageuka kama chumba kinapofunguliwa dirisha.

Watunzi wa Kiingereza wa zama hizo walipenda mgongano wa namna hii, na Byrd anautumia mahali pengi. Hapa ameuweka juu ya neno ambalo kwalo watu walikuwa wakifungwa. Hatuwezi kuingia moyoni mwa mtunzi, lakini yeye mwenyewe, katika dibaji ya kitabu hicho cha 1605, alieleza kuwa maneno matakatifu yana nguvu iliyofichika, na kwamba mtu anayeyatafakari kwa bidii huona noti zinazofaa zikimjia kana kwamba zenyewe. Kwa hiyo tunawasihi walimu wasiisahihishe noti hiyo. Mara nyingi mwanakwaya mwenye sikio zuri husimama na kusema kuwa nakala imekosewa. Haijakosewa. Besi waiimbe soh yao bila woga na bila kuisukuma, na soprano waiimbe se yao juu kabisa ya mahali pake. Ikiwa se itakuwa ya chini hata kidogo, mgeuko wote unafifia na neno linapita kama maneno mengine.

Hisia

Tukishaelewa hayo, swali la hisia linakuwa jepesi zaidi. Huu si wimbo wa huzuni. Ufunguo mdogo, katika masikio ya mtu wa leo aliyezoea muziki wa redio na filamu, huashiria majonzi. Kwa Byrd na waliomtangulia, modi hizo zilibeba sala za kila aina, zikiwemo za furaha ya Pasaka. Hisia inayotawala ni ya kuabudu: utulivu wa mtu aliyepiga magoti mbele ya aliye mkuu kuliko yeye na anayemjua kuwa ni rafiki. Panapotajwa ubavu uliochomwa kuna uchungu, na panapotajwa kifo kuna hofu ya haki, lakini vyote vimo ndani ya ibada hiyo.

Mgeuko mkubwa uko kwenye mwito wa mwisho. Mpaka hapo maombi yalikuwa ya wote, kwa neno la wingi, nobis. Sasa mwombaji anasema mei: unirehemu mimi. Byrd ameliona hilo. Soprano inatangulia peke yake kwa wito mfupi, na sauti za chini zinaitikia, kisha tena wito na kitikio, kama litania ndogo. Halafu ombi la rehema linapita kutoka sauti hadi sauti, kila moja ikilisema kwa wakati wake, kwa hiyo umati wote unaomba lakini kila mmoja anaomba kwa kinywa chake. Sehemu hii yote, tangu wito hadi rehema, inarudiwa. Hapana alama ya kuagiza sauti kubwa au ndogo. Kwa maoni yetu, mara ya pili iwe ya ndani zaidi bila kupunguza mwendo, na kila sauti inapoanza ombi la rehema zile nyingine zijivute nyuma kidogo ili isikike.

Papa Pius X, katika barua yake ya tarehe 22 Novemba 1903 juu ya muziki mtakatifu, alifundisha kuwa kazi ya muziki katika liturujia ni kuyavika maandiko ya ibada sauti inayofaa ili yawe na nguvu zaidi mioyoni mwa waamini. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Konstitusio juu ya Liturujia Takatifu ya mwaka 1963, uliupa wimbo wa Kigregori nafasi ya kwanza na kusema kuwa muziki mwingine mtakatifu, hasa wa sauti nyingi, haukatazwi kamwe, mradi ulingane na roho ya tendo la liturujia. Konstitusio hiyohiyo inataka waamini washiriki kikamilifu. Kwa sababu hiyo tunaona inafaa maana ya maneno isomwe au ichapishwe kwa Kiswahili kabla ya Misa, na wimbo uwekwe baada ya wimbo wa Komunyo ambao taifa lote la Mungu limeuimba, au wakati wa kuabudu Ekaristi Takatifu. Kwaya ya watu wanane inautosha kabisa, na wanne waliojiandaa vizuri wanaweza kuusimamia.

Limebaki Amen. Baada ya ufunguo mdogo wa wimbo mzima, Byrd anamalizia kwa G kubwa: kwa sol-fa, mwafaka wa mwisho una la, mi na de, yaani doh iliyopandishwa. Desturi hii ya kufunga kwa mwafaka mkubwa ilikuwa ya kawaida katika karne ile, na sauti iliyopewa hiyo de inapaswa kuijua mapema, kwa sababu wimbo wote ulikuwa umemzoesha mwimbaji wake doh ya kawaida. Mwalimu aifundishe noti hiyo peke yake kwanza, kisha pamoja na besi, kisha na sauti zote. Kasi isipunguzwe sana kabla ya kuifikia. Noti zenyewe ni ndefu na zinatosha kuuweka wimbo chini.